Mke wa Karani, Dirishani

Kosa langu la kwanza kwa mke wa Karani lilikuwa kumrukia habari za siasa nilipomsomea gazeti. Nilimrukia siku nne mfululizo, na kila siku nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimeridhika kwamba nimefanya jambo la adabu.

Alikuwa ndani ya eda. Mumewe, ambaye mtaa mzima wa Chumbageni ulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la reli, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, wala haonani na mwanamume anayeweza kumuoa. Basi alimtuma dada yake mkubwa, aliyekuja kutoka Maramba kukaa naye, aje aniite mimi, niliyekuwa nikikaa barazani kwa mumewe kila jioni. Dada mtu alinikuta nachanganya rangi.

"Wewe ndiwe kijana wa vibao?"

"Ndimi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwenyewe anasema uje kila baada ya alasiri, ukae chini ya dirisha, umsomee gazeti. Mimi nitakuwa mlangoni, watu wasiseme."

Nikafikiri: mjane, wiki mbili, moyo mbichi. Nikamsomea mawaidha. Nikamsomea mashairi, na barua ya msomaji aliyeuliza kama inafaa bwana harusi kuvaa viatu vya mpira. Vifo nikaviacha. Siasa nikaiacha yote, kwa kuwa niliona ni makelele ya wanaume, na nyumba yenye eda haitaki makelele. Siku ya tano, kabla sijafungua gazeti, sauti ikatoka nyuma ya pazia la kanga.

"Mwanangu, kwani Gavana naye amekufa?"

"Hapana, Mama. Sijasikia."

"Na Baraza la Kutunga Sheria limefungwa?"

"Halijafungwa, Mama."

"Basi mbona siku ya tano hii sijui wanasema nini? Au siku hizi wanakutana kimyakimya?"

Dada mtu alicheka mpaka akashika mlango. "Mwambie! Anatusomea kama tuko chuoni."

Nilihisi masikio yanawaka. Mtu mwingine angecheka pamoja nao, yakaisha. Mimi kosa hilo nilikwenda nalo nyumbani, nikalilalia, nikaamka nalo. Ndivyo nilivyo. Sikusoma shule, herufi nilizijua kwenye magunia ya mkonge na ubavuni mwa mabehewa, nikazifuatisha kwa kijiti mchangani huko kwetu Pongwe mpaka mkono ukazizoea. Kwa hiyo naogopa kukosea kuliko mtu aliyefundishwa, kwa sababu aliyefundishwa akikosea husema alisahau, na mimi nikikosea watu husema sikujua. Niliwahi kukwangua kibao cha duka mara tatu kwa ajili ya O moja iliyopinda upande. Mwenye duka aliniambia, "Kijana, wateja wangu wanakuja kununua kanga. Hawaji kusoma O."

Nimeanza na kosa hilo kwa sababu sijui pengine pa kuanzia. Mama yule nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Hata leo nikimkumbuka, kinachotangulia ni mlio wa miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka. Alikuwa msuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa baadaye ukawa mkeka, na hakusikiliza gazeti mikono ikiwa mitupu. Nilikuwa nasoma, na nyuma ya pazia nasikia miyaa ikisugua miyaa, shwa, shwa, shwa. Habari aliipima kwa ukili. Hotuba ya mkubwa ikiwa ndefu na haina kitu, alisema, "Huyo kanipotezea pima mbili." Habari fupi yenye uzito aliniambia niirudie, na mlio ukasimama. Mlio ukisimama nilijua tumefika mahali.

Dada mtu alinidokezea jambo jingine. Palipokuwa na neno la kubishania, mwenyewe alitia kwenye ukili unyasi mmoja wa rangi, mwekundu au wa zambarau, ili baadaye akumbuke. "Mkeka huu utakuwa na madoa kama chui," dada mtu alilalamika. "Nani atauketia?"

"Ataukalia mwenye akili," sauti ya ndani ikajibu.

Hakusema siasa. Alisema "mambo ya watu". Gazeti la serikali aliliita gazeti la mwenye nyumba, kwa kuwa, alisema, mwenye nyumba hakosi sababu ya kukuambia paa halivuji. Na kila habari aliiuliza maswali mawili. La kwanza, nani kasema. La pili lilinichanganya wiki nzima: alipokuwa anasema, alikuwa amesimama au ameketi?

"Gazeti halisemi, Mama."

"Basi kisia. Aliyesimama anataka asikilizwe. Aliyeketi anataka ashinde. Si watu sawa hao."

Nikaanza kukisia. Nilimketisha Gavana, nikamsimamisha mjumbe wa wakulima, nikamketisha tena. Mara nikajikuta nangojea alasiri kama mwenye saumu anavyongojea magharibi. Asubuhi, juu ya ngazi na brashi mkononi, nilikuwa nikipanga majibu yangu. Sikuwahi kuwa na mtu wa kuongea naye hivyo tangu Karani alipofariki, na wala sikuwa na hakika kama nakwenda pale kwa ajili yake, au kwa ajili ya mambo ya watu, au kwa kuwa pale dirishani palikuwa mahali pekee mjini ambapo Karani alikuwa hajaondoka kabisa. Hatukumtaja. Kwa muda wa miezi ile sikumsikia akilia hata mara moja. Siku moja tu nilisoma kwamba ghala la reli litatiwa mizani mipya, na ile shwa, shwa ikanyamaza, ikakaa kimya kwa muda mrefu kuliko habari yenyewe ilivyostahili.

"Niendelee, Mama?"

"Endelea. Ile ya zamani ilikuwa nzito mno, ilimuumiza mgongo."

Hayo tu.

Kuna mambo yake ambayo mpaka sasa sijui niyaunganishe vipi. Alitaka serikali ya wageni iondoke, na alitaka iondoke upesi; lakini nyuzi zake za kushonea mikeka alizihifadhi kwenye bati la biskuti lenye picha ya Malkia, na mtoto wa jirani alipolikwaruza kwa msumari, alimfokea mpaka mtaa ukasikia. Nilimuuliza. "Malkia aende kwao salama," alisema, "bati libaki." Wapakuzi wa bandarini walipogoma aliwalaumu kwa kuchagua wiki mbaya, karibu na Idi, watoto hawana nguo, na jioni ile ile akamtuma dada yake awapelekee mikate ya kumimina, kapu zima. Alisema wanawake wote wapewe kura, wasome, wasimame mbele ya watu. Kisha binti wa nyumba ya pili alipokwenda mkutanoni bila kumwambia mama yake, aliitwa dirishani akasemwa mpaka akalia.

"Lakini Mama, jana ulisema wanawake wasimame mbele ya watu."

"Nilisema wanawake. Yule ni mtoto. Na wewe huna gazeti la kusoma leo?"

Na kadi ya chama hakununua. Katibu wa tawi letu, Mbondei mmoja aliyesomea misheni, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtumia salamu mara mbili kupitia kwangu. Alijibu kwamba yeye alikuwa mwanachama kabla chama hakijazaliwa, kwa hiyo chama ndicho kinachopaswa kuchukua kadi kwake. Nilimpelekea Katibu jibu hilo neno kwa neno. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Sijui niliandike wapi."

Alijua kusoma, lakini kwa herufi za Kiarabu. Barua za ndugu zake wa Maramba zilikuja kwa Kiswahili cha herufi hizo, na alizisoma vizuri. Hizi za gazeti hakuzijua. Mwezi wa pili aliniagiza nimchoree zote. Nikapata ubao mwembamba wa sanduku la chai, nikaupaka rangi nyeupe, nikaandika herufi kubwa na ndogo kwa rangi nyeusi. Ile g ndogo niliifuta mara nne. Ubao ukapita katikati ya nondo za dirisha. Kesho yake dada mtu alinionyesha: chini ya kila herufi yangu, mke wa Karani alikuwa ameandika ya kwake ya Kiarabu, kwa makaa, mkono wa harakaharaka usiojali mstari. Nilisikitika kwa ajili ya ubao wangu. Nasema kweli, nilisikitika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Karani, alipokuwa hai, alikuwa ndiye akili ya baraza letu. Kila jioni baada ya kazi tulikaa nje ya nyumba yake, watu sita au saba. Yeye alisoma gazeti kwa sauti, halafu tukabishana. Watu walipenda mifano yake. Nakumbuka siku serikali ilipotangaza viti vichache kwa Waafrika kwenye Baraza la Kutunga Sheria, sisi tukazozana kama tushukuru au tukasirike. Karani aliinuka kunywa maji, akarudi, akasema polepole, "Wanatupa tui la pili, na wanatuambia nazi imekwisha." Mfano huo ulitembea mji mzima. Niliusikia sokoni, niliusikia Pongwe kwa baba yangu.

Hiyo ya maji ilikuwa desturi yake. Mjadala ukipamba moto, akizidiwa, aliinuka, akaingia ndani kunywa maji, akakaa kidogo, akatoka na jibu. Tulimtania: "Karani, leo utaumaliza mtungi!" Wengine walisema ana ugonjwa wa sukari. Mimi, mwenye kuona O iliyopinda kutoka ng'ambo ya barabara, sikuona kitu. Sikujiuliza mwanamume ambaye hajawahi kukuna nazi katika maisha yake alilijulia wapi tui la pili.

Siku niliyoona ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa namsomea habari za machifu walioitwa kushauriana na serikali. Aliniuliza kama walisimama au waliketi, tukacheka, kisha akasema, "Kuitwa jikoni si kupewa mwiko."

Nikaacha kusoma. Maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa Karani, mwaka mmoja kabla, mahali pale pale, akiwa ametoka kunywa maji.

"Mama," nikasema, "hayo ni maneno ya marehemu."

Miyaa ikasimama. Dada mtu mlangoni akainamisha kichwa, akawa anaokota kitu sakafuni ambacho sikukiona.

"Haya," alisema mke wa Karani. "Ya marehemu."

Akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko cha uchungu, wala cha ushindi, ningekijua ningekisema. Nikabaki na gazeti magotini, na baraza zima la miaka mitatu likawa linapita tena kichwani mwangu, kila mtungi, kila mfano, mwiko, tui, moto wa makumbi.

"Alikuwa anakuja kukuuliza."

"Alikuwa anakuja kunywa maji."

"Mama, tulikuwa tunamsifu yeye!"

"Na mimi nilikuwa nasikia mnavyomsifu. Dirisha lilikuwa wazi." Kisha sauti yake ikawa kali. "Usimkasirikie. Miaka yote alinisomea kila neno. Kila neno! Hakuniruka hata tangazo la sabuni. Wewe ulinirukia siku nne."

Nilikwenda nyumbani sijui namlilia nani. Mtu niliyemuomboleza kwa akili yake hakuwa na akili ile. Mwenye akili alikuwa hai, amekaa gizani nyuma ya kanga, ametia unyasi mwekundu kwenye ukili. Je, Karani alikuwa mwongo? Lakini aliyeniacha nikae barazani, kijana wa Pongwe mwenye mikono ya rangi, wakati wengine waliona nachafua, alikuwa yeye. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, nikamkumbuka, yote kwa alasiri moja. Kesho yake nilirudi dirishani na gazeti kama kawaida. Hatukulizungumza tena.

Mwaka ule ndio uliokuwa wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na akimwacha mmoja, karatasi yake inaharibika. Tena kupiga kura kulitaka cheti cha shule, au kipato, au cheo. Mimi sikuwa na kimoja, na jambo hilo lilinichoma, ingawa nilijifanya halinihusu. Tawini watu waligawanyika. Wengine walisema tususe uchaguzi huu wa matusi, wengine tuingie. Marafiki waliacha kusalimiana. Tulilijadili dirishani alasiri tatu, na ya tatu alisema hivi:

"Mtu kakualika karamu, kakuwekea sahani tatu, kakuambia ule zote au utoke. Mbili huzitaki. Ukitoka, atakula yeye zote, na kesho atasema hukuwa na njaa. Kula. Lakini chagua wewe nani apike hizo mbili."

Nilikwenda kwenye mkutano wa tawi nikiwa nimeyashika maneno hayo. Njiani nilijizoeza kuanza: nimeambiwa na mama mmoja. Nilisimama, nikaogopa kwamba nikisema "mama mmoja" wataanza kuuliza ni nani na nitababaika. Nikaruka sentensi hiyo. Nikasema ya sahani tatu. Ukumbi ukajaa makofi. Katibu alinyanyuka, machozi yako karibu, akasema, "Karani hakufa! Amemwachia kijana huyu ulimi wake!"

Nililia. Walidhani ni msiba.

Alasiri ya pili yake nilimweleza.

"Walipiga makofi?"

"Walipiga, Mama."

"Walimpigia nani?"

"Walisema ni ulimi wa Karani."

Kimya. Miyaa haikulia. Mwishowe alisema, "Vizuri. Soma."

Kimya hicho ndicho nilichokisoma vibaya kuliko chochote nilichowahi kusoma. Niliona nimemdhulumu. Niliona yuko ndani anasaga meno kwa kunyimwa chake, kwanza na mumewe, sasa na mimi. Nikawa sili vizuri. Ilikuwa kama ile O iliyopinda, ila safari hii iko juu ya duka ambalo kila mtu anapita. Nikaamua nitaikwangua.

Eda yake ikaisha. Wanawake walimkogesha, wakamsomea dua, na wiki ile ile palikuwa na mkutano wa hadhara uwanjani, wanaume upande huu, akina mama upande ule na mabuibui yao. Nilijua kwamba yuko, kwa kuwa nilimwona dada mtu. Katibu alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Nikasema maneno yangu ya sahani hayakuwa yangu. Nikasema, wala hayakuwa ya Karani. Na kwa kuwa sijui kufanya kitu nusu, nikaeleza mpaka ya mtungi.

Nilitegemea nini? Sijui. Labda wageuke wote wamtazame kwa heshima. Walicheka.

"Kumbe mtungi ndio uliokuwa ukisema!"

"Karani alikuwa anakunywa maneno!"

"Jamani, na mimi nitamwambia mke wangu anitilie ndoo mbili!"

Watu waliokula chakula chake, waliobeba jeneza lake, walicheka wakashika mbavu. Katibu alipunga mikono. "Tulieni! Kama mama yupo, asimame tumsikie mwenyewe."

Upande wa akina mama mtu mfupi alisimama. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kwa macho, na nilishangaa kwamba ni mfupi. Sauti ilikuwa imenidanganya.

"Mume wangu alikuwa mtu wa kusoma," alisema. "Kijana huyu msiba umemchanganya. Katibu, endelea na mkutano."

Akaketi. Kicheko kikanigeukia mimi. Mtu aliyenitaka ukweli siku zote, asimame au aketi, alisimama mbele ya umati akasema lisilo kweli, na mwongo nikawa mimi.

Nilikwenda dirishani kesho yake. Pazia halikuwepo tena, eda imekwisha, lakini hakunikaribisha ndani wala hakutoka.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mama. Nilitaka haki yako."

"Haki yangu!" Nilimwona akishika nondo za dirisha. "Haki yangu nilikuwa nayo, mwanangu. Ilikuwa humu ndani. Ilikuwa inarudi kutoka kazini na mgongo unauma, inaniuliza kila jioni, unaonaje? Unamjua mwanamume mwingine anayemuuliza mkewe, unaonaje? Wewe umemtoa nje, ukamvua nguo, wakamcheka. Na yeye hawezi hata kuinuka akajifunika."

Alifunga dirisha, na mwezi huo akaondoka na dada yake kwenda Maramba. Uchaguzi ukafanyika, tawi letu liliingia, likala sahani zote tatu, na watu wangali wanauita ule mfano wa Karani. Mimi nilihama Chumbageni. Watu wananiambia nilifanya sawa, wengine kwamba nilifanya upumbavu, na nikiwasikiliza wote huona kila mmoja ana haki. Nilichojua ni kwamba nilimpoteza Karani kwa kifo na mkewe kwa mdomo wangu, na cha pili kiliniuma zaidi.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo.

Baba yangu alifariki Pongwe mwaka uliofuata. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa nje ubavuni mwa nyumba, karibu na dirisha la chumba cha akina mama. Watu walinionea huruma kwa namna ile ya kuniacha. Walikuja, wakanipa pole, wakazungumza mawaidha kwa sauti ya chini, wakaondoka kwa adabu. Hakuna aliyenitajia jambo la dunia. Nilikuwa nimechoka kwa adabu yao.

Ndani ya dirisha nikasikia shwa. Nikadhani ni miyaa.

"Kijana wa vibao."

Nilisimama, nikaketi tena. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Mungu amrehemu baba yako. Nimekuja kwa lori la ndizi, mifupa yote imelegea. Kaa hapo hapo."

Haikuwa miyaa. Lilikuwa gazeti. Alianza kusoma. Alisoma polepole, anaifuata kila herufi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, anasimama, anarudi, anavuka. Alinisomea Baraza la Kutunga Sheria, nani kauliza na nani kajibu. Alinisomea bei ya mkonge. Alinisomea vifo, majina yote. Alinisomea tangazo la sabuni, mpaka jina la kiwanda. Mara mbili alikosea, na mara mbili kinywa changu kilifunguka chenyewe kumsahihisha, nikakifunga. Akina mama ndani walinung'unika kwamba msibani hakusomwi magazeti. Dada mtu akawajibu, "Nyamazeni, huyu ndivyo anavyohani msiba."

Alipomaliza ukurasa aliukunja.

"Haya," alisema. "Unaonaje?"

Tangu baba azikwe sikuwa nimelia. Nililia hapo, kichwa ukutani, na yeye hakuniambia nyamaza. Alingoja. Nilipoweza kusema, sikumjibu alichouliza.

"Mama, siku ile uwanjani..."

"Marehemu alikuwa na kiu," alinikata. "Ghala lile lina vumbi. Mtu akitoka huko huwa na kiu."

"Ndiyo, Mama."

"Nimekuuliza, unaonaje?"

Nikamwambia nionavyo. Alinibishia mpaka swala ya alasiri.

Sijui kama ndivyo mtu anavyosamehe, au alikuja kwa sababu Maramba hapana wa kubishana naye. Sikumuuliza, na jina lake wala la mumewe sijaliandika hapa. Siku hizi nimerudi Chumbageni na nakaa barazani na wengine. Kila alasiri nasoma gazeti kwa sauti, na siruki kitu. Na mtu akiniuliza kama ni kweli ile habari ya Karani na mtungi, namwambia Karani alikuwa na kiu.